Kitundu kimoja, fani nne: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mashine ya kusoma DNA inayoshikika mkononi

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengine ni ya wanafunzi wanaokuja maabara kwa mafunzo ya vitendo, mengine ya wakulima wa muhogo wa Mkoa wa Pwani, na mengine ya waandishi wa programu wanaotaka kujua watu wa vinasaba tunahangaika na nini. Wengi huanza kwa kuomba orodha: fizikia imefika wapi, kompyuta zimefika wapi, wanasayansi wa vinasaba wamegundua nini. Badala ya orodha huwapa kifaa kimoja wakishike. Fani zote nne, yaani fizikia, biolojia ya vinasaba, sayansi ya malighafi na kompyuta, zimo humo ndani, na kila moja ilitatua tatizo ambalo nyingine tatu zilishindwa.

Tunazungumzia kifaa gani hasa?

Kinaitwa MinION, na kinatengenezwa na kampuni ya Oxford Nanopore Technologies ya Uingereza. Uzito wake ni kama gramu 100, kinaingia mfukoni mwa koti, na kinachomekwa kwenye kompyuta mpakato kwa waya wa USB. Watafiti wachache walianza kukijaribu mwaka 2014, na mwaka uliofuata kikaanza kuuzwa kwa yeyote. Ndani yake unaweka katriji yenye chipu. Juu ya chipu hiyo kuna nafasi 2,048 za vitundu, na 512 husomwa kwa wakati mmoja. Uzi wa DNA unapita kwenye kitundu, kifaa kinapima umeme, programu inageuza vipimo hivyo kuwa herufi A, C, G na T, yaani majina ya viungo vinne vinavyounda uzi huo.

Sentensi hiyo ya mwisho ni fupi, lakini iliwachukua watu robo karne.

Umeme unahusiana nini na DNA?

Anza na kitu unachokijua. Ukiandikiwa hospitali kipimo cha picha kamili ya damu, ile FBP, mashine nyingi za kazi hiyo zinafuata wazo la Mmarekani Wallace Coulter, aliyepewa hataza mwaka 1953. Weka maji ya chumvi pande mbili za ukuta wenye tundu dogo, kisha pitisha umeme. Umeme unavuka kwa sababu chembe za chumvi zenye chaji zinapita tunduni. Seli ya damu ikiingia, inaziba njia kidogo na umeme unashuka. Mashine inahesabu: moja. Seli ikiwa kubwa, umeme unashuka zaidi.

Kisoma-DNA ni wazo hilo hilo lililopunguzwa hadi tundu likawa na upana wa kama nanomita 1, yaani milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Umeme unaopita hapo ni kama pikoampea 100. Chaja ya simu yako inayotoa ampea 2 inapitisha umeme mara bilioni 20 zaidi ya huo. Sasa fikiria kupima kushuka na kupanda kwa kitu kidogo hivyo, huku joto la maji lenyewe likitikisa kila chembe na kutoa kelele yake.

Hapo tuna deni kwa Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann. Mwaka 1976 walitangaza kwamba wamepima umeme unaopita kwenye mlango mmoja tu wa protini katika ngozi ya seli ya msuli wa chura, na mwaka 1991 wakapewa Tuzo ya Nobel. Hawakuwa wakitafuta namna ya kusoma DNA. Walitaka kujua msuli unavyopokea amri ya neva. Kila nikisikia mtu akisema utafiti wa msingi ni kupoteza fedha za umma, ninamkumbuka yule chura.

Na nani anaisukuma DNA? Hakuna wa kuisukuma. DNA ina chaji hasi, kwa hiyo inavutwa upande wenye chaji chanya. Msukumo unaohitajika ni kama milivolti 180, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya nane ya betri ya tochi.

Nani alifikiria jambo hili kwanza?

David Deamer wa California alichora wazo lake kwenye daftari mwezi Juni 1989: mstari wa utando, tundu katikati, uzi wa DNA ukipenya. Wengine walikuwa wakiwaza njia hiyo hiyo kivyao, akiwemo George Church. Mwaka 1996 Deamer, akiwa na John Kasianowicz, Daniel Branton na Eric Brandin, alionyesha kwamba nyuzi za vinasaba kweli zinapita kwenye tundu na kuacha alama katika umeme. Tundu walilotumia ni protini ya sumu inayotolewa na *Staphylococcus aureus*, bakteria wale wale wanaotuletea majipu. Bakteria huitumia kutoboa seli zetu. Watafiti waliichukua kwa sababu ilikuwa tayari imetengenezwa kwa kipimo ambacho hakuna fundi aliyeweza kukichonga.

Kwa nini basi kifaa hakikutoka mwaka 1997?

Kwa sababu DNA ilikuwa inapita mbio mno. Ikiachwa ivutwe bila breki, herufi moja inapita kwa takriban sehemu moja ya milioni ya sekunde. Hakuna kipimo cha umeme mdogo kiasi kile kinachoweza kuwahi kasi hiyo.

Dawa ilitoka kwenye biolojia: kimeng'enya kinachoshika uzi mlangoni na kuuachia hatua kwa hatua. Mwaka 2012 timu za watafiti Marekani zilionyesha usomaji wenye breki ya namna hiyo. Katika kifaa cha leo breki ni protini ambayo kazi yake ya asili ndani ya seli ni kufumua nyuzi mbili za DNA zilizosokotana, na inapitisha kama herufi 400 kwa sekunde. Fundi cherehani anajua: uzi hauvutwi tu kutoka kwenye kibiringo, unapitishwa kwenye kikaza uzi kwanza, la sivyo mshono unaharibika.

Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi kwa maoni yangu. Kitundu hakigusi herufi moja moja. Katika matoleo yaliyotumika kwa miaka mingi, umeme uliathiriwa na herufi kama 5 kwa pamoja. Kwa kuwa kila nafasi inaweza kuwa A, C, G au T, kuna michanganyiko 1,024, na mingine inatoa umeme unaofanana sana.

Na herufi zikijirudia, AAAAAAAA, umeme haubadiliki kabisa. Shika tasbihi gizani uivute kwa vidole. Ukifika kwenye kile kitenganishi baada ya shanga 33, unajua uko wapi. Lakini katikati, shanga zikiwa zinafanana na unavuta haraka, zimepita 7 au 8? Kitundu nacho kinapotea hapo hapo. Toleo jipya la protini lina sehemu mbili zilizobana badala ya moja, ni sawa na kuhisi tasbihi kwa vidole vya mikono miwili. Makosa ya herufi zinazojirudia yamepungua sana, ila mstari mrefu wa herufi moja bado unasumbua.

Kitundu chenyewe kimetengenezwa kwa nini? Na kwa nini mnakiogopa kiputo cha hewa?

Kitundu ni protini. Iliyotumika kwa muda mrefu ilitokana na bakteria *E. coli*, ikabadilishwa maabara ili ishike uzi vizuri zaidi. Protini hiyo imesimikwa kwenye utando mwembamba mno uliotandazwa juu ya kikombe kidogo kwenye chipu, na chini ya kila kikombe kuna elektrodi yake. Zamani watafiti walitumia tando za mafuta kama zile za seli. Zilikuwa zinapasuka ukikohoa. Kilichowezesha kifaa kusafirishwa kwa ndege kutoka Uingereza hadi Dar es Salaam ni tando za polima, yaani plastiki maalumu inayojipanga yenyewe kati ya maji na mafuta. Watu hulisahau jambo hilo kwa sababu polima haina jina la kuvutia, lakini bila hiyo tungekuwa bado tunasoma habari za kifaa hiki kwenye majarida tu.

Kuhusu kiputo: mara ya kwanza nilipojaza katriji peke yangu, nilibonyeza pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kudondosha kimiminika, hadi mwisho. Tone la mwisho liliingia na hewa. Nilikiona kiputo kikitembea chini ya kioo, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama tembe ya kioo inayobingirika. Kwenye skrini, vitundu vilikuwa vya kijani. Kila kiputo kilipopita, kijani kikazimika. Hewa ikigusa utando, unapasuka, na hakuna wa kuushona. Tangu siku hiyo ninawafundisha vijana hivi: kabla ya kuingiza chochote, vuta nyuma kidogo mpaka uone kimiminika kikijaa mlangoni, na ukifika mwisho wa pipeti, acha tone dogo lisiingie. Sampuli yenyewe inadondoshwa tone kwa tone kwenye mlango wake, inanyonywa taratibu, hausukumi.

Wanafunzi huniuliza kwa nini tusitumie kitu kigumu badala ya protini. Wapo wanaojaribu, kwa silikoni naitraidi na kwa grafini. Grafini ni tabaka moja la kaboni, la unene wa atomu moja, ambalo Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester walilibandua kutoka kwenye grafiti kwa gundi ya selotepu mwaka 2004, wakapewa Nobel 2010. Kwa wasiojua, grafiti hiyo ndiyo iliyoko kwenye penseli, na ndiyo iliyoko ardhini kule Mahenge. Unene wa tabaka la grafini ni kama nanomita 0.34, na umbali kati ya herufi moja na ya pili kwenye DNA ni nanomita 0.34 vilevile. Ungedhani viliumbwa vikutane. Mwaka 2010 timu tatu zilipitisha DNA kwenye matundu ya grafini. Lakini DNA inapita mbio tena, grafini inatoa kelele nyingi, na kutoboa matundu maelfu yanayofanana kabisa ni kazi ambayo bakteria bado anatushinda.

Mimi naandika programu. Je, programu hapa inafanya nini zaidi ya kuhifadhi matokeo?

Kitundu hakitoi herufi hata moja. Kinatoa mstari unaopanda na kushuka, vipimo elfu 4 au 5 kwa sekunde. Zidisha kwa vitundu 512, una vipimo zaidi ya milioni 2 kila sekunde. Kuugeuza mstari huo kuwa herufi kunafanana na kumsikiliza mtu anayeongea haraka bila kutua: huwezi kukata silabi moja moja, lazima uzisikie kwa majirani zake. Mwanzoni ilitumika hesabu ya uwezekano, ile inayokadiria hali iliyojificha kutokana na inayoonekana. Baadaye ikaja mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano mingi, na usahihi ukapanda kwa kiasi ambacho mabadiliko ya kitundu peke yake yasingeweza.

Kutokana na hilo kuna jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeanza: hifadhi mstari wa umeme, usihifadhi herufi peke yake. Sampuli iliyosomwa miaka iliyopita inaweza kusomwa upya leo kwa programu mpya na ikatoa herufi sahihi zaidi, bila mtu kushika pipeti. Aliyefuta mstari ili kupata nafasi kwenye diski, hana cha kurudia. Kwa mwandishi wa programu hii ni kanuni ya siku zote, tenganisha data ghafi na tafsiri yake. Ila hapa kuivunja ni kupoteza sampuli ya mgonjwa ambaye huenda hayupo tena.

Mfano wangu wa pili ni wa faili. Kwa miaka mingi mistari hiyo ilihifadhiwa kwenye muundo uitwao FAST5. Maktaba ya programu iliyokuwa chini yake iliruhusu kazi moja tu kusoma kwa wakati mmoja, hata kama kompyuta ina vichakata 40. Fikiria benki yenye madirisha 40 na watumishi 40, lakini ufunguo wa kasha ni mmoja, kila mtumishi anausubiri. Watu walidhani tatizo ni udogo wa kompyuta zao, wakaomba fedha za kununua kubwa zaidi. Mwaka 2022 Hasindu Gamaarachchi na wenzake huko Australia walichapisha muundo mwingine, SLOW5, uliopangwa ili kila kazi ichukue fungu lake bila foleni. Uchambuzi mmoja wa jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, uliokuwa ukichukua zaidi ya wiki mbili ukamalizika kwa saa kama 10 na nusu, kwenye mashine ile ile. Waliitoa kama programu huria. Kampuni yenyewe nayo ikaja na muundo wake mpya baadaye. Kwangu huu ni utafiti kamili kama ule wa kitundu, ingawa hautangazwi kwenye taarifa ya habari.

La tatu ndilo linalowafanya vijana wasogeze viti. Kwa kuwa herufi zinatoka wakati uzi bado unapita, programu inaweza kuzisoma mia chache za mwanzo, ikalinganisha na inachotafuta, na kama siyo, ikageuza mwelekeo wa umeme na kuutema uzi. Kitundu kinabaki wazi kwa mwingine. Matt Loose wa Nottingham na wenzake walionyesha hili mwaka 2016. Kwa sampuli ya damu yenye malaria, ambamo DNA nyingi ni ya mgonjwa na ya kimelea ni chache, unaweza kuamuru kifaa kiteme ya binadamu. Programu inaamua, fizikia inatii, ndani ya sekunde moja.

Inakosea kiasi gani?

Mwanzoni ilikosea sana, zaidi ya herufi moja katika kila kumi. Leo, uzi mmoja ukisomwa mara moja, makosa ni kama herufi moja katika mia au chini ya hapo. Ukisoma sehemu ile ile mara nyingi, makosa ya bahati nasibu yanafutana, na yanayobaki ni yale yenye tabia, kama ya herufi zinazojirudia.

Usichukulie "asilimia 99" kama jambo la kuridhisha bila kuuliza linatumika wapi. Selimundu inasababishwa na herufi moja: A imekuwa T kwenye jeni ya hemoglobini, na kiungo kimoja cha protini kinabadilika. Kwa mtu anayesubiri kujua kama mwanawe ana selimundu, usomaji mmoja wenye kosa moja kwa mia hautoshi. Unasoma mara 30 au zaidi ndipo unaweka saini.

Kwa nini msipeleke sampuli nje kwenye mashine kubwa zenye usahihi zaidi?

Tulikuwa tunapeleka. Nilifunga mwenyewe sampuli za majani ya muhogo, nikajaza fomu, nikasubiri. Majibu yalirudi baada ya miezi saba. Yalikuwa sahihi. Lakini mama aliyetupa majani hayo, mkulima wa Mkuranga, alikuwa ameshapanda msimu mwingine, kwa pingili za shamba lile lile.

Nilipompelekea majibu nilimkuta anamenya mihogo. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika, akachukua muhogo mmoja, akaukata kwa kisu katikati na kunionyesha: kahawia, mkavu, kama kizibo cha chupa. "Mwanangu," akasema, "jani linanidanganya. Shamba la kijani, chini hakuna kitu." Alikuwa ameueleza ugonjwa wa michirizi kahawia vizuri kuliko slaidi zangu. Majani yanaweza kuonekana ya kawaida huku mzizi unaoza. Ugonjwa huu si mgeni kwetu: ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 na mtafiti H. H. Storey aliyekuwa kituo cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Unasababishwa na virusi vya aina mbili, vyote vya RNA, ndugu wa DNA, vyenye herufi kama 9,000. Nzi weupe wanausambaza, na sisi wenyewe tunausambaza zaidi kwa kugawiana pingili.

Kati ya 2017 na 2018 timu iliyokuwa na Laura Boykin na Joseph Ndunguru, pamoja na wenzao wa Tanzania, Uganda na Kenya, ilichukua MinION hadi mashambani. Walikaa chini ya mti, betri na kompyuta mezani, wakasoma virusi vya batobato la muhogo, ugonjwa mwingine unaoonekana kwenye majani, na kumpa mkulima jibu siku hiyo hiyo. Hilo kwangu ndilo badiliko. Mashine kubwa bado ni sahihi zaidi, na kwa kazi nyingine ninaitumia. Lakini jibu linalofika kabla mtu hajapanda lina thamani ambayo usahihi peke yake hauwezi kuileta.

Hata kwa binadamu imekuwa hivyo. Mwaka 2015, wakati wa Ebola, watafiti walisafiri na maabara nzima ndani ya mabegi ya kawaida ya ndege hadi Guinea, wakasoma virusi kutoka kwenye sampuli 142, na majibu yalipatikana ndani ya saa 24 tangu sampuli kupokewa. Kilifi nchini Kenya, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome walitumia teknolojia hii kufuatilia virusi vya Uviko-19.

Je, ndiyo iliyosoma DNA ya mifupa ya Waswahili wa kale?

Hapana, na swali hili linakuja kila ninapozungumza Kilwa au Lamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, ukiongozwa miongoni mwa wengine na Chapurukha Kusimba na David Reich, ulisoma DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka miji kama Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kwamba watu wa asili ya Afrika na wa asili ya Asia walianza kuchanganyika takriban mwaka 1000, kwamba mababu wa upande wa Asia wa wakati huo walitoka zaidi Uajemi na wengi walikuwa wanaume, na kwamba akina mama walikuwa zaidi wa Afrika. Mimi niliyesikia simulizi za Washirazi kwa bibi yangu nikidhani ni hadithi za kunilaza, nilisoma kurasa zile mara mbili.

Lakini DNA ya kale imekatikakatika. Vipande vingi havifiki hata herufi 100. Nguvu ya kitundu ni nyuzi ndefu, na kimewahi kusoma uzi mmoja wenye zaidi ya herufi milioni 4 bila kukatika. Kukipa vipande vya mifupa ni kumwita mpiga mbizi aje kuokota kome kwenye maji kupwa.

Urefu una faida gani basi?

Mwaka 2003 tulitangaziwa kwamba jenomu ya binadamu imekamilika. Haikuwa imekamilika. Asilimia 8 hivi ilibaki, hasa sehemu zinazojirudia rudia, ambazo ukizikata vipande vifupi huwezi kujua kipande gani kinatangulia. Ilikamilika mwaka 2022, na nyuzi ndefu zilizosomwa kwa vitundu zilikuwa miongoni mwa vilivyoziba mapengo, karibu herufi milioni 200.

Inagharimu kiasi gani kuendesha?

Kifaa chenyewe ndicho cha bei ndogo. Katriji moja, kwa bei ya orodha ya miaka mingi, ilikuwa kama dola 900. Inaweza kuoshwa na kutumika tena mara chache, kila mara ikiwa na vitundu pungufu. Tunajifunza kuchanganya sampuli nyingi kwenye katriji moja, kila moja ikiwa na alama yake ya herufi, ili gharama igawanyike.

Bei isiyoandikwa kwenye orodha ni ya baridi. Katriji inakaa kwenye friji na hudumu kama miezi mitatu, vimeng'enya vinakaa kwenye friza. Kifurushi chetu kimoja kilikwama bandari ya anga kwa sababu karatasi moja ilihitaji muhuri wa ofisi nyingine. Kilipotoka, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana watafiti wanaotengeneza vimeng'enya vilivyokaushwa, visivyohitaji friza, ninawahesabu kama waokoaji wa fani hii huku kwetu. Umeme ukikatika si tatizo kubwa, kompyuta mpakato ina betri. Kompyuta yenye kadi ya michoro yenye nguvu, ya kusoma herufi kwa haraka, ndiyo inayonyonya betri hiyo kabla ya saa ya chakula.

Inaweza kubadilisha vinasaba vyangu?

Haiwezi. Inasoma tu. Kubadilisha ni kazi ya CRISPR, ambayo kwayo Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walipewa Nobel 2020, na ambayo mwaka 2023 iliidhinishwa Uingereza na Marekani kutibu selimundu. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kabla yake mgonjwa anapewa dawa kali za kuua uboho. Kwa familia nyingi hapa, kupima mtoto mapema na kumwanzishia dawa ya haidroksiyurea ndiko kunakookoa maisha leo.

Mkinisoma DNA, inakuwa mali ya nani?

Uliza hivyo kila mara, kabla ya kutoa mate au damu. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 inaweka taarifa za vinasaba kwenye kundi la data nyeti, na Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa, na ikueleze sampuli itakaa wapi, nani ataiona, na kama inaweza kutoka nje ya nchi. Kama anayekuhoji hana jibu, una haki ya kuondoka.

Siwaambii watu wakatae. Mwaka 2020, watafiti wa Kiafrika waliposoma jenomu 426 tu kutoka makabila kama 50, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kuandikwa popote. Dawa zinapimwa kwa kulinganisha na vitabu ambavyo kurasa zetu hazimo. Ninataka ziwemo, lakini kwa ridhaa.

Shamba langu lina dalili. Nilete jani gani?

Kama unashuku batobato, chuma jani changa la juu, lile lililojikunja na lenye mabaka ya njano na kijani. Kama unashuku michirizi kahawia, chuma la chini lililokomaa, lenye njano kandokando ya mishipa midogo, hata kama mti mzima unaonekana salama. Chuma kwenye miti kadhaa, kila jani liwe peke yake ndani ya karatasi ya gazeti, libane ndani ya daftari likauke. Usiweke kwenye mfuko wa plastiki, litaoza njiani. Andika tarehe, kijiji, aina ya mbegu na pingili ulizipata kwa nani. Mwite afisa ugani akuone ukichuma. Na pingili za shamba hilo zisitoke hapo, hata kwa ndugu, mpaka tukupigie simu.